Giza la hadithi ya Snow White halikuanzia kwenye filamu

Dada, umeuliza kama filamu ya Snow White and the Huntsman ya mwaka 2012 imeiharibu hadithi ya watoto kwa kuitia giza na damu, na kama mwanao wa miaka saba anaweza kuitazama. Haijaiharibu. Katika chapa ya kwanza ya ndugu wawili Grimm, Wajerumani waliokusanya hadithi hii, iliyotoka Berlin mwaka 1812, anayetaka binti auawe ni mama yake mzazi, kwani mama wa kambo aliingizwa katika chapa ya 1819. Huagiza aletewe mapafu na ini la mtoto ili ayale, na mwishowe huvishwa viatu vya chuma chenye moto, akacheza navyo mpaka akafa. Utamu tulioukulia sisi ulitokana zaidi na katuni ya Disney ya 1937.

Hata hivyo, mwanao asubiri kwanza. Malkia Ravenna wa filamu hiyo ya 2012, anayeigizwa na Charlize Theron, hufyonza ujana wa wasichana hadi wakakunjamana kama vikongwe, na hapo hata mimi niligeuza uso. Katika vibanda vya video vya hapa Kampala mfasiri anayesimulia filamu papo hapo huingiza mzaha wa Kiluganda panapotisha na watoto wakacheka, lakini nyumbani kwako, usiku, mfasiri huyo hatakuwapo.