Diwani, fikisha kero ya kata yako kabla Baraza halijakaa

Nimekuwa mtendaji wa kata kwa miaka mingi katika moja ya halmashauri za mkoa wetu wa Dodoma, na sasa nimestaafu. Mtendaji wa kata ndiye katibu wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani. Kwa hiyo nimekaa meza moja na madiwani wa kila namna, wasemaji na wapole, nikiwaandalia taarifa za kata na kurudi nao vijijini ambako wananchi huuliza swali moja tu: imekuwaje lile jambo letu?

Tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 wamenifuata madiwani kadhaa wapya, wengine vijana wadogo kabisa, wakitaka kujua wafanye nini ili mkurugenzi wa halmashauri awasikilize. Naandika hapa kwa ajili yao, na kwa ajili ya mwananchi ambaye ana haki ya kujua jambo lake linapita wapi.

La kwanza ninalowaambia ni kwamba Baraza la Madiwani ni mlango wa mwisho. Mkutano wa kawaida wa Baraza hukaa mara moja kila robo mwaka. Kabla haujakaa, wakuu wa idara wameshakutana na mkurugenzi na kamati za kudumu zimeshapitia taarifa zao, ya huduma za jamii, ya ujenzi na mazingira, na ile ya fedha ambayo ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Kinachofika Barazani kimeshapita mikono mingi. Diwani anayeibua jambo jipya siku ile, bila kulipitisha huko nyuma, ni sawa na mtu anayeleta mtama kinuni wakati ugali umeshapakuliwa.

Nitoe mfano nilioushuhudia. Wananchi wa kijiji kimoja cha kata yangu walijenga boma la zahanati kwa nguvu zao. Walifyatua tofali, wakachangishana baada ya kuuza alizeti, wakapandisha kuta mpaka usawa wa lenta. Hapo uwezo wao ukaishia, wakabaki wanasubiri halmashauri ikamilishe. Mvua zikaanza kula zile kuta. Akina mama wajawazito wakaendelea kuvuka korongo kwenda zahanati ya kijiji jirani, na makorongo ya kwetu mnayajua: maji yakishuka kutoka milimani hakuna anayevuka, hata awe na uchungu wa uzazi.

Diwani wetu wa wakati huo alilisema jambo hili Barazani kwa hisia kali, wenzake wakampigia meza. Jibu likatoka: tumelipokea, tutalifanyia kazi kadiri fedha zitakavyopatikana. Robo iliyofuata akasimama tena, akajibiwa vilevile. Siamini kwamba aliyemjibu alikuwa na nia mbaya. Hakuwa na kitu chochote mezani cha kumwonyesha fedha kiasi gani zinahitajika, kwa kazi gani, na kwa nini kijiji hiki kitangulie kingine chenye boma kama hilo. Na maboma ambayo hayajakamilika yapo kila halmashauri, ya zahanati, ya madarasa, ya nyumba za walimu.

Ndipo tukakaa ofisini kwangu, diwani, mwenyekiti wa kijiji, mimi na fundi aliyesimamia ujenzi. Fundi alikuwa ameshapima. Tukaorodhesha mbao za kenchi, mabati, misumari, saruji ya lipu na ya sakafu, milango, madirisha, choo na shimo la kutupia kondo la nyuma, kila kitu na bei yake ya dukani mjini. Karatasi ya pili tukaandika walichokwisha kutoa wananchi, tofali, mchanga, mawe, maji na nguvu kazi, vyote vikiwekewa thamani ya fedha. Hapo mwenyekiti wa kijiji alinyamaza akiangalia ile jumla, maana hakuwahi kuona jasho la watu wake limeandikwa hivyo. Karatasi ya tatu ilitoka kwa mganga mfawidhi wa zahanati ya jirani: wajawazito wa kijiji chetu wanaohudhuria kliniki kila mwezi, na wangapi walijifungulia nyumbani au njiani. Ilionekana wazi kwamba mahudhurio yanaanguka kuanzia Januari mpaka Aprili, miezi ya mvua. Nyuma tukaambatisha muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji na wa Kamati ya Maendeleo ya Kata.

Diwani alizichukua karatasi zile, akaenda nazo kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha kwa afisa mipango, akaomba mhandisi aje alione boma kwa macho yake. Akawatafuta pia madiwani wenzake waliokuwa kwenye kamati ya huduma za jamii, akawaeleza kabla hawajakaa. Jambo lilipofika Barazani alisema maneno machache sana, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ndiye aliyelibeba. Liliingia kwenye bajeti, na mwaka wa fedha uliofuata mabati yakaletwa.

Wakati nao ni wa kuangalia. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri hupitishwa na Baraza miezi kadhaa kabla, mara nyingi Januari au Februari, na maoteo yake huanza kuandaliwa mwishoni mwa mwaka. Ukiibeba kero ya ujenzi mwezi wa Mei, utaambiwa kweli tupu kwamba fedha zimeshapangwa. Vipaumbele vya vijiji viwe mkononi mwako kufikia Oktoba au Novemba, vikiwa vimepangwa kwa mfuatano. Kata ikileta vipaumbele kumi na viwili bila kusema kipi ni cha kwanza, afisa mipango atajichagulia, na mara nyingi atachagua kilicho rahisi.

Sasa niseme juu ya majibu ya "tumelipokea". Yasikupandishe hasira, na usikae chini yakakutosha. Muulize mkurugenzi, kupitia kwa mwenyekiti wa Baraza, mambo matatu: ni idara gani italishughulikia, fedha zitatoka kifungu kipi, na taarifa italetwa kikao gani. Halafu omba yaandikwe kwenye muhtasari. Nawaambia hivi kwa sababu nimeandika mihtasari maisha yangu yote ya kazi. Jambo lililoandikwa "Baraza lilielezwa kuhusu boma la zahanati" limekufa palepale. Lililoandikwa "Mkurugenzi alielekezwa kuwasilisha taarifa katika kikao kijacho" linarudi lenyewe kwenye ajenda ya yatokanayo, na mtu atalazimika kulijibu mbele ya watu. Muhtasari wa kikao kilichopita ukisomwa ili kuthibitishwa, madiwani wengi wanapekua simu. Huo ndio muda wa kufungua macho, uone kama ulichosema kimeandikwa ulivyokisema, na kama sivyo unyooshe mkono ukirekebishe kabla haujathibitishwa.

Kuna kero ambazo mkurugenzi hana rungu nazo. Barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, maji ya vijijini chini ya RUWASA iliyoanzishwa 2019, maji ya mjini Dodoma yako DUWASA, umeme TANESCO. Wananchi hawalazimiki kuyajua haya, watakuletea wewe yote, na ni sawa. Wewe ndiye unapaswa kujua barua iende kwa nani, nakala kwa nani. Mameneja wa taasisi hizo hualikwa kwenye vikao, basi swali la pampu iliyokufa mwelekeze mwenye pampu.

Kwa madiwani wa Jiji la Dodoma, najua meza zenu zimejaa kesi za viwanja. Ilipovunjwa CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, mwaka 2017 majukumu yake yalihamia kwa iliyokuwa Manispaa, ambayo ikawa Jiji mwaka 2018, na migogoro ya ardhi ikahamia pamoja nayo. Ushauri wangu ni kuacha kupeleka malalamiko ya mtu mmoja mmoja kadiri anavyokuja. Yakusanyeni kwa mitaa, myatenge: wanaodai fidia peke yao, wanaogombania kiwanja kimoja chenye barua mbili peke yao, wanaosubiri urasimishaji wa makazi peke yao, na nakala za nyaraka zikiwa nyuma. Jalada la namna hiyo linamlazimisha mkuu wa idara kutoa jibu la jumla, na jibu la jumla unaweza kulisimamia.

Kuhusu mkurugenzi mwenyewe: ni mteule wa Rais, na ndiye katibu wa Baraza lenu. Mkatalieni panapostahili, tena kwa ukali kama fedha za wananchi zinachezewa, lakini msimdhalilishe mbele ya walio chini yake. Nimeona kata zikisahaulika miaka mitano kwa sababu ya tusi moja. Si haki, wananchi hawakutukana mtu, lakini hutokea.

Lililobaki ni mrejesho, na hapa ndipo madiwani wengi wanapowaangusha watu waliowachagua. Jibu lolote ulilopewa, lirudishe kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, hata likiwa baya. Mkutano wa kijiji nao unatakiwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo nafasi ipo. Waambie wazi: tumekosa mwaka huu, sababu ni hii, tutaomba tena mwezi fulani, nanyi mniandalie hiki na hiki. Mzee mmoja wa Kigogo alishawahi kusimama kwenye mkutano wetu akasema kwamba yeye hakuchukizwa na kunyimwa kisima, alichukizwa kusikia habari za kunyimwa kutoka kwa mwenye pikipiki. Tena wabebeeni habari za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Iko kisheria, na bado vikundi vingi vijijini havijui fomu zinaanzia kwa nani. Zinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Na wewe mwananchi, mkutano wa Baraza uko wazi kwako. Muulize mtendaji wako tarehe, mpange watu wawili au watatu wa kijiji waende, wakae kwenye viti vya nyuma na daftari. Diwani wako akijua mpo, na mkurugenzi akijua mpo, mtaona tofauti ya majibu siku hiyohiyo.