Gauzi kavu kwenye kidonda cha moto cha mtoto: yaliyonikuta na mwanangu

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa miaka miwili, pole sana. Umesema siku nne zilizopita alimwagikiwa chai ya chupa, akaungua kifua na mkono wa kushoto hadi vidoleni. Kila asubuhi unampeleka kliniki, anapakwa krimu nyeupe na kufungwa gauzi kavu, na kila wakiifungua analia mpaka sauti inakauka. Jirani naye anakushauri uachane na kliniki, utafute manyoya ya sungura. Mimi naishi Busia, upande wa Uganda. Mwanangu aliungua kwa uji akiwa na mwaka mmoja na nusu, kwa hiyo kilio hicho nakijua.

Nianze na vidole, maana havingoji. Kama wamevifunga vyote pamoja ndani ya bandeji moja kama ngumi, kesho uombe kila kidole kifungwe peke yake, na gauzi ipite katikati. Vidole vilivyobabuka vikilala vimegusana hupona vimeshikana. Na mtoto aliyeungua mkono anatakiwa aonwe hospitali, hata kama kidonda ni kidogo. Pima pia hivi: kiganja cha binti yako, pamoja na vidole vyake, ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Hesabu ni viganja vingapi vimeungua. Vikifika 10, mtoto ni wa kulazwa na kutundikiwa dripu, wala si wa kwenda na kurudi kliniki. Kifua na mkono hufika hapo upesi kuliko mtu anavyodhani.

Wangu alivuta kanga niliyokuwa nimeitumia kushikia sufuria. Sigiri, yaani jiko la mkaa, ilikuwa chini, uani, kama tunavyozoea. Sasa najua ningemvua nguo pale pale na kummiminia maji safi ya kawaida kwa dakika 20 huku nikimfunika sehemu nyingine asipate baridi, na kwamba hata saa mbili au tatu baadaye maji hayo bado yanasaidia. Siku ile nyumba ilijaa watu, mmoja akaleta dawa ya meno, akampaka kifua kizima. Tulipofika kituo cha afya, kazi ya kwanza ilikuwa kuikwangua.

Kisha zikaanza siku za gauzi kavu. Sitataja ni wapi. Gauzi ilikuwa inakauka usiku kucha, asubuhi imekuwa ngumu kama kadibodi, na aliyekuwa zamu alikuwa anaivuta kwa mara moja ili "maumivu yaishe haraka". Nyuma yake nilikuwa naona kitu cha rangi ya waridi, laini kama ndani ya shavu, kimejaa vitone vidogo vya damu. Nilidhani ndivyo kidonda kinavyosafishwa. Tuliendelea hivyo siku kumi na mbili, mwanangu akawa akiona koti jeupe tu anatetemeka.

Hospitali ya pili sista aliishika ile gauzi, akanigeuzia upande wa ndani, akaniambia: "Mama, huu unaouona sio uchafu. Ni ngozi yake mpya." Nililia pale pale. Alinieleza kwamba kidonda cha malengelenge huota ngozi kutoka pembeni na kutoka chini, kwenye vishina vya vinyweleo vilivyosalia. Ngozi hiyo changa inataka unyevu. Ukiiwekea gauzi kavu, majimaji yanakauka ndani ya nyuzi na ngozi inanasa humo humo. Ukivuta, umeing'oa, na kidonda kinaanza upya.

Alichofanya yeye ni hiki. Nusu saa kabla ya kufungua, mtoto alipewa parasetamoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake. Bandeji ililowekwa kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale ya dripu, yakiwa vuguvugu, na tukasubiri. Robo saa nzima alikuwa anamwagia kidogo kidogo huku mimi nimempakata na kumwimbia, mpaka gauzi ikaachia yenyewe. Halafu akaweka gauzi ya mafuta, ile iliyoloweshwa vaselini, juu yake gauzi nene kavu ya kunyonya maji, kisha bandeji. Tulirudi baada ya siku tatu. Sikuamini kwamba mtoto anaweza kukaa siku tatu bila kufunguliwa, lakini kidonda kikiwa safi hiyo ndiyo nafuu yenyewe.

Krimu nyeupe haina ubaya wenyewe. Ina madini ya fedha, inazuia vijidudu, na kwa kidonda kilichoingia ndani sana au kichafu daktari anaweza kuwa na sababu ya kuichagua, ingawa haipakwi mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili. Shida yake ni kwamba inataka kubadilishwa kila siku, na inaacha utando wa kijivu-manjano unaofanana na usaha, hata mzazi anashtuka bure. Kwa vidonda visivyoingia ndani sana, imeonekana pia kuchelewesha kupona ukilinganisha na bandeji zisizonata. Kwa hiyo usigome. Uliza tu: "Kidonda kiko safi? Tunaweza kuhamia gauzi ya mafuta?" Kuna pia bandeji za sponji zenye fedha ambazo hukaa siku kadhaa, hata wiki. Ni ghali, lakini ukizipata mtoto anapumzika.

Manyoya ya sungura, dada yangu, nakusihi usiyaguse. Yananasa kwenye kidonda, yanakauka kama gaga, na chini yake usaha unajaa bila wewe kuona. Nimeona sista akiyatoa unywele mmoja mmoja kwa koleo ndogo, mtoto ameshikwa na watu wawili. Najua mtu atasema tiba za asili zipo. Zipo kweli: India kuna hospitali zimefunika vidonda vya moto kwa majani ya mgomba, na Gambia wametumia papai lililopondwa kwa watoto. Lakini majani yale yaliandaliwa na kuuliwa vijidudu kwanza, hayakuchumwa uani, na wauguzi walikuwa wanakiangalia kidonda.

Uliza kama amedungwa sindano ya pepopunda. Akipata homa, akitapika, akitokwa na vipele, akilegea, au kidonda kikianza kunuka au kutoa rangi ya kijani, usingoje asubuhi. Na wiki ya tatu ikiisha bila kidonda kufunga, huenda akahitaji kupandikizwa ngozi. Kitengo kikubwa cha majeraha ya moto kiko hospitali ya Kiruddu, Kampala. Mkono ukianza kujikunja, hospitali ya CoRSU pale Kisubi wanawafanyia watoto upasuaji wa kuunyoosha. Mpe mayai, maharage, mukene (dagaa), karanga za kusaga, maana kidonda kinakula mwili.

Wangu ana miaka saba sasa. Kifua kina alama. Baada ya kupona aliwashwa miezi mingi, nikawa namkanda kwa vaselini asubuhi na jioni na kumvalisha mikono mirefu juani. Kidole kidogo hakinyooki sawasawa.

Hukusema kuhusu kiwiko. Akishika kikombe anaunyoosha mkono wote, au ameanza kuulaza umekunjwa? Tujibu leo, maana kama anaukunja, wa kliniki waufunge ukiwa umenyooka kuanzia kesho.