Muulize Anti: Kila Jumapili jioni mwanangu tumbo linamuuma

Anti shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Tabata, naandika kuhusu kijana wangu wa kwanza ana miaka 15 yuko kidato cha pili shule ya kutwa. Toka mwaka jana kila Jumapili ikifika jioni tumbo linamuuma, mara kichwa, mara anataka kutapika, zahanati tumeenda mpaka wanatujua, malaria hamna, mkojo safi, choo safi. Mpira kaacha, chakula anachezea tu na sahani, mdogo wake akimgusa anawaka. Juzi nafua shati lake la shule nikakuta mfuko umechanika na mgongoni wamemchora na peni, nikambana ndo akasema. Mwanangu ana kigugumizi. Akisimamishwa kusoma darasani akikwama kwenye neno kuna vijana wanaanza kumhesabia kwa sauti moja, mbili, tatu, kama refa wa ngumi, darasa zima linacheka, na wamemrekodi wakarusha kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Nauli wanamnyang'anya anarudi kwa miguu. Baba yake anasema mtoto wa kiume akapambane nao hukohuko, mimi nataka kumhamisha shule. Nifanye nini?
Mama wa Tabata

Marahaba mama, na pole sana wewe na kijana. Kwanza naomba neno "anadeka" litoke kabisa kwenye hiyo nyumba kama lipo. Hilo tumbo linauma kweli. Mtu akijua kesho anaenda sehemu ya kudhalilishwa ubongo unaushtua mwili kama vile hatari iko mlangoni, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, damu inapungua tumboni, ndo hapo unapata maumivu, kichefuchefu na hata kuharisha, na vipimo vya zahanati havitaonyesha kitu kwasababu siyo mdudu. Na kigugumizi nacho mwambie waziwazi kwamba siyo upungufu wa akili wala siyo uoga, maana mtoto akichekwa kila siku mwisho anaamini wanachosema wenzake.

Alichoanza kukifanyia kazi Dan Olweus, yule mtafiti wa Norway, toka miaka ya 1970, ni kututofautishia utani na uonevu: uonevu unakusudiwa, unarudiwarudiwa, na anayefanyiwa hana nguvu sawa na wanaomfanyia. Sasa angalia wa kwako, wao wako wengi yeye mmoja, wana video yeye hana kitu, na mdomo ndo huo wanaoucheka. Akapambane na nini? Mumewe... samahani, mumeo hana nia mbaya, anataka mtoto awe imara, lakini mtoto akiambiwa kapigane wakati anajua hawezi, anachosikia ni kwamba hata nyumbani niko peke yangu. Na ule upweke mama ndo unaoua moyo wa hawa watoto kuliko hata makofi. Kofi linapoa jioni. Kukaa darasa la watu sitini na hakuna hata mmoja upande wako, hiyo inalala nawe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtoa kwenye upweke. Kaeni naye nyote wawili wewe na baba, mwambieni tumekuamini, kosa siyo lako, na hatutafanya kitu bila kukwambia. Hilo la mwisho ni muhimu, watoto wengi hawasemi kwasababu wanaogopa mama atavamia shule kwa hasira halafu kesho yake mambo yawe mabaya zaidi.

Halafu kuna swali unatakiwa umuulize, najua linaogopesha. Kuacha mpira, kutokula, hasira za haraka, hizo kwa vijana zinaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wao mara nyingi hawalii, wanawaka. Muulize kwa upole mkiwa wawili, "mwanangu umeshawahi kuwaza kujidhuru, au kwamba bora usingekuwepo?" Watu wanadhani ukiuliza unampa wazo, hapana, kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa upenyo wa kusema. Akisema ndiyo usimuache peke yake, dawa na vitu vya hatari viondoe karibu yake, na siku hiyohiyo mpeleke hospitali. Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili, na kwa wewe wa Tabata Amana ni karibu, ukifika waambie wazi umeleta mtoto kwa ajili ya afya ya akili. Akisema hapana pia usikae tu, hiyo hali imeshakuwa ya muda mrefu, aonwe na mtaalamu. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, bure, anaweza kupiga yeye mwenyewe au wewe.

Shuleni usiende mikono mitupu. Andika kwenye daftari nini kilitokea, tarehe, nani alikuwepo, shati usilifue tena, na ile video itunze ila usimrushie mtu hata shangazi yake. Anza na mwalimu wa darasa na mwalimu wa malezi, kisha mkuu wa shule, barua uandike ubaki na kopi. Wakikuzungusha kuna afisa elimu kata na afisa ustawi wa jamii. Kunyang'anywa hela na kupigwa ni kosa la kawaida la jinai, dawati la jinsia na watoto la polisi lipo kwa ajili hiyo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza unyanyasaji wa mtandaoni, shule ikijua hivyo inaamka.

Mambo mawili yakatae kwa adabu. Moja ni ile kuwaita wote ofisini "shikaneni mikono yaishe". Hawa hawajagombana, mmoja anaonewa, ukiwasuluhisha kama wagomvi unamwambia na yeye ana sehemu ya kosa. Ya pili ni kuwachapa wale vijana paredi mbele ya shule nzima. Utaona haki imetendeka, ila getini nani atalipia zile fimbo? Omba badala yake walimu waache kumsimamisha kusoma ghafla kwa sasa, video ifutwe kwenye grupu mbele ya wazazi wao, na awepo mtu mzima anayejulikana wa kumkimbilia.

Kuhamisha ni haki yako na kuna wakati ndo dawa, hasa kama shule haitaki kusikia. Ila aondoke akijua anaondoka kwasababu shule imeshindwa kumlinda, asiondoke akidhani yeye ndo tatizo, maana hilo atalibeba mpaka shule mpya.

Anti habari. Mimi nimesoma bweni miaka ya tisini, form one ukifika unaitwa njuka, unafua nguo za wakubwa, unaamshwa usiku unapigwa, unaimbishwa. Tumevumilia na leo ni watu na familia zetu. Naona watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai.
Baba, Mbagala

Nzuri kaka yangu. Nakuheshimu kwa ulichopitia na sitasema hakikukuimarisha, wewe unajijua. Ila wewe unahesabu waliofika. Wale mlioanza nao wakaacha shule muhula wa kwanza, yule aliyekuwa anakojoa kitandani usiku mkamcheka, wako wapi leo? Hao hawaandiki barua magazetini.

Uingereza kuna kundi la watoto waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958, watafiti wamewafuatilia maisha yao yote. Wazazi waliulizwa kama mtoto anaonewa na wenzake, akiwa na miaka 7 na tena 11. Matokeo yaliyotoka 2014 kwa watoto zaidi ya 7,000 yalionyesha kwamba waliokuwa wanaonewa mara kwa mara, wakiwa watu wazima wa miaka 45 mpaka 50 na wajukuu pengine, bado walikuwa na sonona na wasiwasi zaidi ya wenzao, na mahusiano na watu yakiwasumbua. Miaka 40 kaka. Na Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14 na nusu kabla ya miaka 18, yaani umri uleule tunaowapeleka bweni na kuwaambia vumilia. Ugumu wa maisha wataukuta tu, mabasi ya Mbagala peke yake yanatosha kumkomaza mtu. Kupigwa usiku na kaka wa form three hakumfundishi mtoto kitu zaidi ya kwamba ukiwa mkubwa na wewe upige, na ndo maana mila ya njuka haifi.

Shkamoo anti mimi ni msichana wa form 3 Temeke kuna mwenzetu darasani wanamsema ana harufu kila akikaa watu wanahama dawati, mimi simsemi ila na mimi nahama maana nikikaa nae wataanza na mimi. najisikia vibaya sana. nifanyeje
Binti, Temeke

Marahaba binti. Kujisikia vibaya kwako ni kitu kizuri, usikizime. Na uoga wako nauelewa, siyo wa kujitungia, kweli wanaweza kukugeukia.

Watafiti wa Kanada walirekodi watoto wakiwa viwanjani shuleni, wakaona mwenzao mmoja akiingilia kati, zaidi ya nusu ya mara hizo, 57 kwa 100, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Walioingilia walikuwa wanafunzi tu kama wewe. Wanaoonea wanahitaji watazamaji, na Finland wana mpango mzima mashuleni unaitwa KiVa uliojengwa juu ya wazo hilo, wanafundisha hasa wale wanaotazama.

Usianze kwa kugombana na mtu. Tafuta mwenzio mmoja unayemuamini, mkubaliane kesho mnakaa na huyo msichana wote wawili, mtu mmoja anachekwa ila watatu wanakuwa ni grupu. Mapumziko mkienda kununua mihogo mchukueni. Usimwambie "nakuonea huruma", muulize tu ameelewa hesabu za jana au vipi. Halafu kamwambie mwalimu wa malezi, kumwambia siyo umbea, na mwambie mkiwa wawili pia. Na kama harufu ipo kweli inaweza kuwa nyumbani maji ni ya shida au hana hela ya pedi, mwalimu wa kike anaweza kuongea naye faragha akasaidiwa, hilo mwachieni mwalimu.

Kesho fika mapema kabla madawati hayajajaa.