Kitufe Hakifanyi Kazi? Endesha evtest Kwanza

Safari hii nimeziweka kando barua za "ninunue kompyuta gani" na kuchukua za wanaohangaika na vitufe vya kompyuta za Linux za mkononi. Karibu wote wamejikwaa pahali pamoja: wameanza kuandika mipangilio kabla ya kujua kitufe chenyewe kinasema nini.

Kitufe changu cha pembeni hakifanyi kazi. Nisaidie tafadhali. (Msomaji, Kakamega)

Kitufe gani, cha mashine gani? Mimi si mpiga ramli, ndugu yangu. Barua za aina hii huja kila mara, kwa hiyo leo nitaijibu kirefu, na ajaye na swali hili tena nitamrudisha hapa.

Ukibonyeza kitufe, habari hupita ngazi tatu. Kwanza kuna chuma na plastiki: nyaya mbili zimegusana au hazikugusana. Pili, kerneli, yaani kiini cha Linux, inapokea mguso huo na kuupa namba. Kuongeza sauti ni 115, kupunguza ni 114, kitufe cha kuzimia ni 116. Tatu, X11 au Wayland, mfumo unaoendesha madirisha, inaichukua namba hiyo na kuamua ifanye kazi gani. Unachotakiwa kujua ni habari yako imefia ngazi ipi, na hilo halihitaji kubuni. Fungua teminali, andika `sudo evtest` (sudo ni ruhusa ya msimamizi, evtest ni programu inayoonyesha kila mbonyezo), chagua kifaa kwenye orodha, kisha bonyeza. Ukiona namba ikiambatana na value 1, halafu value 0 ukiachilia, kitufe ni kizima na shida iko juu. Value 2 ni kitufe kilichoshikiliwa kinajirudia, usishtuke.

Usipoona chochote, usikimbilie kwa fundi. Chagua kifaa kingine kwenye orodha. Mashine hizi mara nyingi hutenga kibodi, vitufe vya sauti na kitufe cha kuzimia, kila kimoja na mahali pake, na wewe umekuwa ukisikiliza mlango usiogongwa. Vyote vikinyamaza ndipo uchukue bisibisi.

Kuna mtego mmoja zaidi kwa walio bado kwenye X11. X huongeza 8 kwenye namba ya kerneli na haivuki 255. Maana yake ni kwamba kitufe chenye namba inayozidi 247 kitaonekana kwa evtest lakini dirishani hakipo kabisa. Kile cha kuzima maikrofoni, 248, ndicho kilichosumbua watu wengi. Dawa ni kukipa namba ya chini huko huko kwenye ngazi ya kerneli. Wengi hutumia F20, yaani 190, kwa kuwa hakuna kibodi ya kawaida yenye F20.

Nimefuata maelekezo ya xmodmap neno kwa neno lakini Raspberry Pi yangu haibadiliki. (Mwanafunzi, Maseno)

Maelekezo yako ni ya zamani. xmodmap, amri ya kubadilisha kazi za vitufe, ni ya X11. Raspberry Pi OS, mfumo wa kompyuta hizo ndogo, ilipotoa toleo la Bookworm, Oktoba 2023, mashine za Pi 4 na Pi 5 zilihamia Wayland, na huko xmodmap haina mamlaka. Toleo hilo hilo lilihamisha config.txt, faili ya mipangilio ya Pi, kutoka /boot hadi /boot/firmware, kwa hiyo ukihariri ile ya zamani utakesha bure. Kabla ya kunakili amri ya mtu, tazama aliiandika mwaka gani. Chuoni mnafundishwa kuangalia tarehe ya kitabu. Intaneti nayo ina tarehe.

Badilisha kazi ya kitufe chini ya dirisha, kwa hwdb (orodha ya mfumo ya vifaa na vitufe vyake) au keyd (programu ya kubadilisha vitufe), nawe hutajali kama juu kuna X11 au Wayland. Ukitumia hwdb, mstari wa `KEYBOARD_KEY_70039=leftctrl` utageuza Caps Lock ya kibodi ya USB kuwa Ctrl. Uanze na nafasi moja tupu mwanzoni mwa mstari. Bila nafasi hiyo hausomeki, na barua itakayofuata utaniandikia kwamba hwdb haifanyi kazi.

Nimeweka keyd, sasa kibodi yote imekufa. Hata evtest haioni kitu. Nimeunguza mashine? (Mfanyabiashara, Nakuru)

Hujaunguza kitu, mama. evtest haikunyamaza pia. Soma mstari wa mwisho iliouandika. Inasema kifaa kimeshikwa na programu nyingine. Hiyo programu ni keyd: hukamata kibodi, huchuja unachobonyeza, kisha hutoa kwa kibodi ya bandia. Ukitaka kupima, simamisha keyd kwanza, kisha tumia evtest au `keyd monitor`.

Kosa lenyewe liko kwenye faili yako. Chini ya [ids], orodha ya kibodi za kukamatwa, umeweka nyota, na nyota ni kila kibodi. Ndiyo maana hata ile ya USB uliyoichomeka kujiokoa ilikamatwa palepale. Weka namba ya kifaa kimoja tu. `keyd monitor` itakuonyesha.

keyd ina mlango wa dharura: shikilia Backspace, Escape na Enter kwa pamoja, inajiua. Lakini kuna mashine za mkononi zisizokuwa na vitufe hivyo vitatu, na nyingine zinavyo ila umeshavipa kazi nyingine. Kwa hiyo, kabla hujagusa mipangilio, washa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao, na uhakikishe unaingia kutoka kwenye kompyuta nyingine. Na tafadhali, usiandike `systemctl enable`, inayoiwasha keyd kila mashine inapowaka, siku ya kwanza. Tumia `start` tu. Ukijifungia nje, zima na uwashe, keyd haitarudi. Mliokwisha kujifungia, chomoeni kadi ya SD, iwekeni kwenye kompyuta nyingine ya Linux, na mfute faili ya /etc/keyd/default.conf.

Nataka kitufe kimoja kiniandikie PIN ya M-Pesa. (Bwana mmoja, Kisumu)

Hapana. Na kwa kuwa umeiandika PIN yenyewe kwenye barua, ibadilishe leo.

Mashine huzimika mfukoni nikiwa kwenye boda. Nitakizuiaje kitufe cha kuzimia? (Mwalimu, Bungoma)

Tengeneza faili ndani ya /etc/systemd/logind.conf.d/, jina lolote lenye .conf, uandike `[Login]` na chini yake `HandlePowerKey=ignore`. Washa upya. Ikiwa unatumia GNOME (mazingira ya madirisha), yenyewe hunyakua kitufe hicho, basi tafuta kwenye mipangilio yake.

Mwalimu hakuniuliza hili, lakini nitasema: weka pia `HandlePowerKeyLongPress=poweroff`, ili ukishikilia kitufe mashine ifunge mafaili yake kwanza. Ukiacha njia pekee ya kuzima iwe kukata umeme, kadi ya SD itakuharibikia, na utalaumu kadi.

Nikibonyeza A moja, zinatoka mbili. Nibadilishe faili gani? (Fundi wa simu, Kondele)

Huenda hakuna faili ya kubadilisha. Angalia evtest: ukiona 1, 2, 2, 0 ni kujirudia kwa kawaida, punguza kasi. Ukiona 1, 0, 1, 0 kwa mbonyezo mmoja, basi mguso unarukaruka, na hilo ni la chuma. Wewe ni fundi; fungua, safisha kikombe cha chuma chini ya kitufe kwa spiriti safi, kikauke vizuri, ujaribu tena. Hewa ya ziwani ina unyevu na vumbi la Kondele halina huruma.

Ikiwa vitufe vimeunganishwa moja kwa moja na pini za GPIO, zile za bodi za kuunganishia vitu vyako, kerneli husubiri milisekunde 5 kabla ya kuuamini mguso. Unaweza kuongeza muda huo, debounce-interval, kwenye device tree (maelezo ya vifaa ambayo kerneli husoma), ila huko ni kukifichia ugonjwa kitufe kilichochakaa. Kitakufa tu.

Rafiki kaniambia nijiongeze kwenye kundi la input ili programu isidai sudo. Ni sawa? (Msomaji, Busia)

Itafanya kazi. Kisha kila programu unayoiendesha, hata ule mchezo uliopakua jana, itaweza kusoma kila herufi unayoandika, nywila zikiwemo. Mwachie keyd kazi hiyo chini ya root, akaunti ya msimamizi mkuu, na akaunti yako ibaki nje.

Nataka kuongeza kitufe changu kwenye Raspberry Pi. Nitumie pini gani? (Msomaji, Homa Bay)

Waya mmoja kwenye GPIO 17, wa pili kwenye GND (ardhi). Ndani ya /boot/firmware/config.txt andika `dtoverlay=gpio-key,gpio=17,keycode=28` na kitufe chako kitakuwa Enter. Huhitaji kuandika programu yoyote ya Python, hata kama kila video inakuambia uandike.

Waya usiuguse kwenye pini ya volti 5. Pini za GPIO ni za volti 3.3, na ukizipa 5 unaweza kuiua bodi nzima bila hata kuona moshi.