Likizo ya mama, likizo ya baba: majibu ya maswali yenu manne

Nina mimba ya miezi sita. Ofisini wanasema "likizo ya uzazi" mara "likizo ya wazazi", ni kitu kimoja?

Hapana dada, usikubali wakuchanganye. Ya uzazi ni yako wewe uliyejifungua, upone na unyonyeshe, na Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka isipungue wiki 14. Ya wazazi ni ya kulea, inafuata baada ya hapo na baba au mama yeyote anaweza kuichukua. Uswidi ndio walitangulia, 1974, leo wako kwenye siku 480 kwa mtoto. Soma mkataba wako wa kazi uone umeandikwa ipi.

Bosi anasema kuajiri wanawake ni hasara kwasababu ya likizo. Ana hoja?

Hasara inakuwepo pale mwajiri anapoachiwa alipe peke yake toka mfukoni mwake, hapo kweli ataanza kuwakwepa mabinti kwenye usaili na hatasema kwanini. Ndo maana ule Mkataba namba 183 unataka hela itoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa serikali, wote wanachangia, wanaume kwa wanawake, na malipo yasishuke chini ya theluthi mbili ya mshahara. Kwahiyo hiyo hoja aipeleke kwa wanaotunga sheria, sio kwa wanawake wanaoomba kazi.

Hivi kuna utafiti kwamba mtoto anafaidika, au tunasema tu?

Upo, na mmoja naupenda sana. Norwei waliongeza likizo yenye malipo kuanzia Julai 1, 1977, sasa watafiti wakawachukua watoto waliozaliwa kabla kidogo ya tarehe hiyo na waliozaliwa baada kidogo, wote wa familia za kawaida zinazofanana, tofauti yao ni tarehe tu, wakawafuatilia mpaka ukubwani. Wale ambao mama zao walipata miezi zaidi, wachache zaidi waliacha shule ya sekondari na hata kipato chao wakifika miaka 30 kilikuwa juu. Lakini tuseme ukweli wote: Norwei hiyohiyo baadae ilipoendelea kurefusha likizo ambayo tayari ilikuwa ndefu, shuleni hawakuona mabadiliko ya maana. Mimi naelewa hivi, ile miezi ya mwanzo ndo ya kupigania kwanza, kwa kila mama, kabla hatujaanza kuongelea mwaka mzima.

Mume wangu ana haki ya likizo ila anaogopa ataonekana mvivu. Nimwambieje?

Pole mama, na wala usimlaumu sana, hiyo hofu ni ya wengi. Norwei kabla ya 1993 baba aliruhusiwa kuchukua na karibu wote hawakuchukua, mpaka sheria ikatenga wiki 4 za baba tu, asipozitumia zinapotea, hazihamii kwa mama. Ndani ya miaka michache kuchukua likizo ikawa jambo la kawaida. Quebec, jimbo la Kanada, nao wakatenga wiki 5 mwaka 2006 na ikawa hivohivo. Yani likiachwa "mtaelewana wenyewe" anabaki mama, kwasababu mara nyingi mshahara mdogo ni wake. Afu watafiti wa Norwei wakagundua kingine: mwanaume ambaye mwenzake kazini alichukua naye anachukua, kaka yake akichukua naye anachukua, na aliyechukua akiwa bosi ndo inasambaa zaidi.

Mimi kwa mtoto wetu wa kwanza nilirudi kazini siku ya nne. Jioni nimefika nikamkuta mke wangu amekaa palepale ukingoni mwa kitanda, taulo begani, na kikombe cha maji nilichomwekea asubuhi kimejaa vilevile kwasababu mkono wa kukifikia ulikuwa umembeba mtoto. Bado kinaniuma. Mwambie mumeo amtafute ofisini yeyote aliyewahi kuchukua hiyo likizo waongee, afu aandike barua mapema, tarehe ya kuondoka na ya kurudi ziwemo, na jina la atakayeshika kazi zake. Kama hayupo hata mmoja aliyewahi, basi awe yeye wa kwanza, wa nyuma yake watapata pa kushika.