Muulize Mwalimu: Uchovu, mihogo na mama wawili

Wiki iliyopita niliandika mistari michache kuhusu mitokondria, zile chembe ndogo ndani ya seli zinazogeuza chakula kuwa nguvu. Simu haikulala. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 41, nauza vitenge Kariakoo. Kila siku nimechoka, hata nikilala. Kwenye semina moja niliuziwa chupa ya vidonge vya "kufufua mitokondria" kwa shilingi 85,000. Ninunue ya pili? (Mama Vitenge, Mbagala)

Marahaba, mama. Hapana, subiri kwanza.

Umepanda daladala na noti ya elfu kumi, konda anasema hana chenji. Pesa ni halali, lakini mle ndani haikusaidii. Ugali na maharage uliyokula ni noti kubwa. Moyo, ubongo na misuli havipokei noti. Vinapokea sarafu ndogo iitwayo ATP. Mitokondria ndizo zinazovunja noti. Molekuli moja ya glukosi ikimalizwa humo inatoa ATP kama 30. Bila mitokondria unaambulia 2 tu. Na mwili hauweki akiba ya chenji hizo: kwa siku moja unatengeneza na kutumia ATP inayokaribia uzito wako mwenyewe, ile ile ikizungushwa tena na tena.

Kuvunja noti kunataka oksijeni, na oksijeni inaletwa na damu. Damu ikipungua, mitokondria zako zinaweza kuwa nzima kabisa na bado ukachoka, maana haziletewi mzigo. Kwa mwanamke wa umri wako anayepata siku zake, jambo la kwanza ninalolifikiria ni upungufu wa madini ya chuma. Nenda kituo cha afya upimwe wingi wa damu na sukari. Daktari akiona inafaa, ataongeza kipimo cha tezi ya shingo. Umwambie pia unaamka saa ngapi. Anayetoka Mbagala saa kumi alfajiri ili awahi gari ana deni la usingizi ambalo hakuna kidonge kitalilipa.

Ugonjwa wa mitokondria zenyewe upo, ila ni nadra, kama mtu 1 kati ya 5,000, na kwa kawaida hauji na uchovu peke yake. Unaona kope zimelegea, masikio yanaziba mapema, misuli inakosa nguvu, kisukari au kifafa kinajitokeza, na mara nyingine dalili hizo zinafuata ukoo wa mama. Soma lebo ya chupa yako. Vidonge vingi vya aina hiyo vina koenzaimu Q10, kitu ambacho mwili wako hujitengenezea. Wapo wachache waliozaliwa wakishindwa kukitengeneza, na hao huandikiwa na daktari. Aliyekuuzia hakukupima chochote.

Mwalimu wetu amesema mitokondria zote tunarithi kwa mama. Baba amekosea wapi? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Temeke)

Hajakosea, amezidiwa. Mbegu ya kiume inabeba mitokondria chache zilizozungushiwa mwanzo wa mkia, kwa ajili ya safari. Yai lina zaidi ya laki moja. Zile za baba zikiingia ndani ya yai huharibiwa.

Mitokondria zina DNA yake, mbali na ile ya kiini cha seli: herufi 16,569 na jeni 37, zilizosomwa zote Cambridge, Uingereza, mwaka 1981. Sababu ni kwamba asili yake ni bakteria aliyemezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, akabaki humo kama mpangaji asiyehama. Lynn Margulis wa Marekani alipoitetea hoja hiyo mwaka 1967, wengi hawakumwelewa. Leo ipo kwenye vitabu vyenu.

Ubakteria huo haujaisha. Sindano kama jentamisini huua bakteria kwa kuvuruga mtambo wao wa kutengeneza protini. Kuna watu wenye badiliko dogo kwenye DNA ya mitokondria linalofanya mtambo wao ufanane zaidi na wa bakteria, na sindano hiyo inaweza kuwaachia uziwi. Kwa hiyo kama kwa kina mama yako kuna mjomba au mama mdogo aliyeacha kusikia baada ya sindano, mtaje kwa daktari kabla hujachomwa.

Nasikia muhogo una sumu inayozima mitokondria. Niache mihogo ya Coco Beach? (Kijana wa Mwananyamala)

Usiache, na pilipili ongeza. Sumu ni sianidi. Inaziba hatua ya mwisho, pale oksijeni inapopokelewa, hivyo damu imejaa oksijeni huku seli zinakosa pumzi. Muhogo mtamu uliomenywa una sianidi kidogo. Hatari ipo kwenye muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa, mtu anapoula kila siku bila maharage wala samaki. Hapo ndipo unapotokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla, ambao umewahi kuandikwa hata hapa kwetu, upande wa Tarime. Wakati wa njaa ndipo watu hufupisha siku za kuloweka.

Natumia dawa za kufubaza makali ya VVU. Ni kweli zinaharibu mitokondria? (Jina kapuni)

Ilikuwa kweli kwa dawa ya zamani, stavudini. Ilizuia kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria, ndiyo maana wengine walikonda mashavu na kupata ganzi miguuni. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri iondolewe taratibu. Tenofovir na lamivudini za leo hazikigusi sana kimeng'enya hicho. Usiruke dozi hata moja.

Eti Uingereza wanazaa watoto wenye mama wawili? (Baba Zai, Tabata)

Sheria iliruhusu mwaka 2015, na mwaka 2025 madaktari wa Newcastle walitangaza watoto wanane. Kiini cha yai lililorutubishwa la mama mwenye mitokondria mbovu huhamishiwa kwenye yai la mwanamke mwenye mitokondria nzima. Mtoto anapata kwa huyo wa pili zile jeni 37 tu, wakati kiini kina jeni kama 20,000. Sura, urefu na hata ukaidi havitoki kwake. Wajomba wa upande huo wasije kudai fungu la mahari.