Re: Mtoto wa siku tatu macho ni manjano, nimwanike tu jua?

Dada, hongera kwa mtoto. Umesema mama mkwe anashauri umwote jua la asubuhi hadi manjano yaishe. Najua anakutakia mema, lakini nakusihi mpeleke apimwe leo. Jua si tiba ya kutegemea, na halikwambii chanzo ni nini.

Chembe nyekundu za damu zikivunjika hubaki rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini la mtoto mchanga bado halijakomaa, kwa hiyo rangi hiyo hujaa mwilini. Kwa wengi huanza siku ya 2 au ya 3 na kuisha ndani ya wiki 2. Ikianza ndani ya saa 24 za kwanza, hiyo si kawaida kamwe.

Kwa kifungua mimba wangu, hapa Kisumu, chanzo kilikuwa damu: mimi ni kundi O, yeye A kama babake. Kinga za damu yangu zilimfikia tumboni zikawa zinavunja chembe zake. Alilazwa chini ya taa za buluu, uchi na nepi tu, macho yamefunikwa, namtoa kunyonya. Kama wewe ni O, au Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama A- au O-), mwambie daktari. Angalia kile kijitabu cha kliniki.

Tena sisi wa kanda ya ziwa tuna hili: upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu zisivunjike), wa kurithi, uko zaidi sehemu zenye malaria na huathiri zaidi wavulana. Mtoto wa aina hiyo akivalishwa nguo zilizohifadhiwa sandukuni na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, naftalini yake inaweza kumvunjia damu vibaya. Blanketi za nyanya zenye harufu hiyo ziweke mbali kabisa.

Njiti, mwenye uvimbe wa damu kichwani baada ya kuzaliwa, mwenye maambukizi, asiyenyonya vizuri, au ambaye nduguye aliwahi kuwekwa kwenye taa, wote wako hatarini zaidi. Usimwachishe titi, mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku.

Ngozi zetu huficha. Msogeze dirishani, bonyeza ncha ya pua kwa kidole, achia, utazame rangi inayobaki. Kisha angalia ufizi na nyayo. Akilala mno, akikataa titi, akilia kwa sauti kali au akijipinda mgongo, nenda hata usiku wa manane, maana bilirubini ikiingia ubongoni huacha uziwi na mtindio wa ubongo. Choo cheupe kama chokaa nacho kisisubiri, huenda njia ya nyongo imeziba.

Ukifika, omba wampime bilirubini na kundi la damu.